Kufuli na ufunguo wake: programu za kazi, masomo na kujizuia mtandaoni kwa mwenye bando la kuhesabu

Mpwa wangu anasoma Egerton, kule Njoro. Likizo iliyopita alishuka Kisumu na swali moja: "Mjomba, apu gani inaweza kunizuia TikTok?" Nilitaka kumtajia moja nirudi kwenye kazi yangu, lakini alipofungua simu nikaona anazo tatu tayari. Moja ya kupanda miti, moja ya kuhesabu dakika, na ya tatu hata hakukumbuka aliiweka lini. Zote zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Ila zote alikuwa ameshajua pa kuzipitia.

Mimi hunakili sauti na kutafsiri kwa malipo, nikiwa nyumbani Manyatta. Kazi huja kwa mtandao, hurudi kwa mtandao, na malipo vilevile. Kwa hiyo ushauri wa "zima intaneti upumzike" haunifai. Intaneti ndiyo shamba langu. Taabu ni kwamba shamba lenyewe liko kando ya barabara kuu, na kila anayepita lazima asimame anisalimie.

Tulikaa siku mbili tukilinganisha programu zangu na zake, tukizipima kwa maswali mawili ambayo matangazo yao hayajibu. La kwanza: bando likiisha au stima ikipotea, itaendelea kufanya kazi? La pili: kufuli hili, ufunguo wake kaushika nani? Bei tuliiweka nyuma, kwa sababu nyingi kati ya zilizo bora ni za bure.

Pa kuandikia

Mabishano yalianza na Google Docs dhidi ya LibreOffice.

Docs hujihifadhi yenyewe kadiri unavyoandika. Kwa mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, hiyo peke yake ni sababu tosha: stima ikipotea katikati ya aya, aya utaikuta. Mtu wa Nakuru anaweza kuwa ndani ya hati hiyohiyo akikosoa ukurasa wa pili huku wewe wa Kisumu unaandika wa tano. Mwanafunzi ambaye msimamizi wake hujibu kwa maoni ya pembeni hana haja ya kupoteza muda hapa, achukue Docs. Anayeandikia kwenye simu naye achukue Docs.

Ubaya wake ni ujirani. Docs huishi ndani ya kivinjari, na kivinjari ndicho soko lenyewe. Unakwama kwenye neno, mkono unafungua kichupo kingine kutafuta maana yake, na baada ya dakika ishirini unajikuta unamtazama mtu akichimba bwawa la kuogelea kwa kijiti. Inaweza kutumika bila intaneti, lakini ni lazima uwe umewasha uwezo huo mapema, kwenye Chrome au Edge, wakati intaneti ipo. Wengi hugundua hivyo siku bando limeshakata. Tena nafasi ya bure ni GB 15, nayo inagawanywa kati ya Gmail, Drive na Google Photos. Mpwa wangu alikuwa ameijaza yote kwa video za harusi ya binamu yake.

LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010, watengenezaji wa OpenOffice walipojitenga baada ya Oracle kuinunua Sun Microsystems iliyokuwa ikiimiliki. Ni ya bure, haidai akaunti, haidai nenosiri, na haijui kama duniani kuna intaneti. Kuipakua kunakula takriban MB 350, mara moja tu. Ukiwa na bando dogo ipakulie kwenye Wi-Fi ya chuo, au umwombe mwenye faili akuwekee kwenye flashi. Ikishaingia, zima Wi-Fi uandike. Kwangu hii ndiyo programu bora zaidi ya kujizuia, ijapokuwa haikuundwa kwa kazi hiyo.

Lakini usirudie kosa langu. Usipoibadilisha, LibreOffice huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika kumi. Jioni moja ya mvua stima ilipotea nikiwa nimenogewa na kazi, wala sijabonyeza Ctrl na S tangu nianze. Iliporudi nilirudishiwa yote isipokuwa kipande cha mwisho, na hicho ndicho mzungumzaji alikuwa akinong'ona, nimekirudia mara sita ndipo nikakisikia. Sasa nimeiweka dakika mbili. Mpangilio wenyewe uko kwenye sehemu ya kupakia na kuhifadhi. Kwa kompyuta ya mezani, fanya hivyo kabla hujaandika neno la kwanza.

Word ya Microsoft siipigii debe wala siipigi vita. Mteja akikutumia hati yenye majedwali na masahihisho ya rangi, LibreOffice itaifungua, ila mistari ya jedwali huenda ikasogea na nambari za kurasa zikahama. Hapo Word ya mtandaoni, ambayo ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft, inatosha. Ile Word ya kuwekewa na kijana wa saiba kwa bei ya chai na maandazi iache. Mara nyingi huja na wageni ambao hukuwaalika.

Mimi huandikia LibreOffice bila mtandao, kisha napandisha faili kwenye Drive wakati wa kulitoa mikononi. Mpwa wangu aliona ni kazi mara mbili. Ni kweli. Nami naona hiyo ya pili ni ya dakika moja, na ile ya kwanza imenipa asubuhi nzima.

Kuhusu madaftari ya kunukuu mambo sina mengi. Google Keep ni nyepesi, inafunguka hata bila data, unaandika orodha na kufunga. Notion ni nzuri kuliko nyumba yangu, na hilo ndilo tatizo: niliipamba kwa siku mbili, nikaweka rangi na vijipicha, nikapanga kazi zote za mwezi, na kazi yenyewe sikuigusa. Chukua Keep, isipokuwa kama mnafanya kazi watu watano kwenye mradi mmoja.

Masomo

YouTube ina kila mwalimu duniani na haikudai ada. Ukitaka kuelewa kwa nini chaji ya betri inashuka au namna ya kusawazisha milinganyo ya kemia, utampata mtu anayeeleza vizuri kuliko tulivyoelezwa sisi. Lakini umekwenda dukani kununua kiberiti, na mwenye duka amekupangia njiani kila kitu unachokipenda. Dawa ipo, na wengi hawaijui: zima historia ya video unazotazama kisha ufute iliyopo. Tangu Agosti 2023, YouTube ikikosa historia yako huacha ukurasa wa mwanzo mtupu, ukabaki na kisanduku cha kutafutia. Kwenye kompyuta ongeza kiendelezi (programu ndogo ya kupachika kwenye kivinjari) kiitwacho Unhook, kinachoondoa zile video za pembeni zinazokuita. Mpwa wangu alipoona ukurasa mtupu kwa mara ya kwanza alidhani intaneti imekatika.

Khan Academy, iliyoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008, haina matangazo wala vishawishi vya pembeni. Hisabati na sayansi zake zimepangwa hatua kwa hatua, na ukikosea zoezi inakurudisha ulipopotea. Upungufu wake kwetu ni kwamba haikufuata silabasi ya Kenya. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa itabidi yeye mwenyewe aunganishe mada na mada. Kwa kuelewa jambo, Khan. Kwa namna maswali yanavyoulizwa hapa nyumbani, karatasi za mitihani iliyopita bado hazijapata mshindani.

Kisha kuna Kiwix, ambayo inastahili kujulikana zaidi upande huu wa nchi. Ilianza mwaka 2007 na kazi yake ni moja: unapakua Wikipedia nzima kama faili moja, kisha unaisoma bila intaneti kabisa, ukitafuta na kufuata viungo kama kawaida. Ile ya Kiingereza yenye picha ni takriban GB 100, kwa hiyo si ya simu ya kawaida. Lakini kuna zilizopunguzwa: zisizo na picha, au za somo moja tu kama tiba, au ile ya Kiswahili ambayo ni ndogo na inaenea kwenye simu bila shida. Binti wa jirani yangu anayesomea uuguzi Kakamega ana faili la tiba. Matatu ikikwama njiani kuja Kisumu, yeye anasoma juu ya figo na hakuna ujumbe unaoweza kumfikia, kwa sababu data ameizima. Wikipedia si kitabu cha kozi na mhadhiri wake hatakubali ainukuu, lakini kwa kujua jambo ni nini kabla ya kuingia darasani inatosha.

Kwa kukariri, Anki au Quizlet. Zote ni kadi: upande huu swali, upande ule jibu. Tofauti iko kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe. Anki, aliyoianzisha Damien Elmes mwaka 2006, inakuuliza kadi hiyo ilikuwa ngumu kiasi gani, na kulingana na jibu lako inairudisha kesho, au baada ya siku nne, au baada ya mwezi, mara nyingi ukiwa karibu kuisahau. Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 vipimo vya jinsi alivyosahau silabi zisizo na maana alizojikaririsha mwenyewe. Kwenye kompyuta Anki ni bure, na kwenye Android kuna AnkiDroid, ya bure pia, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea. Wenye iPhone ndio wanaolipa. Inafanya kazi bila intaneti. Sura yake, tuseme ukweli, ni kama fomu ya serikali.

Quizlet ina sura. Aliianzisha kijana Andrew Sutherland mwaka 2005 alipokuwa akihangaika na msamiati wa Kifaransa shuleni. Ina michezo, na mara nyingi utakuta kuna mtu ameshatengeneza kadi za mada yako. Ila inataka intaneti, na mengi mazuri yake sasa yako upande wa kulipia. Mtihani ukiwa wiki ijayo na kadi zimeshatengenezwa na mwenzako, chukua Quizlet usijisumbue. Kitu ambacho utakihitaji miaka mitatu ijayo, kama majina ya dawa, vifungu vya sheria au lugha, kipeleke Anki.

Onyo kuhusu Anki: kadi zake ni kama Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Usipolipa leo, kesho zinakuja na wenzake. Anza na kadi kumi mpya kwa siku. Mpwa wangu alianza na themanini kwa sababu ya hamasa, akasafiri siku nne, akarudi akakuta mia tatu zinamngoja. Akaifuta programu yote. Tulianza upya.

Makufuli

Sasa lile swali lake. Hapa ndipo watu hulinganisha idadi ya vipengele na kusahau kwamba mwizi na mwenye nyumba ni mtu mmoja.

| Kufuli | Linafanya kazi wapi | Ufunguo kaushika nani | Malipo |
|---|---|---|---|
| Digital Wellbeing | Simu za Android | Wewe, mfukoni | Bure |
| Forest | Simu, na kivinjari | Wewe na aibu yako | Bure au kulipia |
| LeechBlock | Kivinjari cha kompyuta | Wewe, au uliyempa nenosiri | Bure |
| Cold Turkey | Windows na Mac | Saa | Tovuti bure. Zaidi ya hapo unalipa mara moja |
| Freedom | Simu na kompyuta pamoja | Saa, ukichagua kufunga kabisa | Kwa dola, kila mwezi au mwaka |

Digital Wellbeing ya Google ilikuja mwaka 2018 pamoja na Android 9, kwa hiyo huenda unayo na hujawahi kuifungua. Inakuonyesha umetumia saa ngapi wapi, na unaweza kuipa TikTok dakika thelathini kwa siku. Zikiisha, alama ya programu inakuwa ya kijivu mpaka usiku wa manane. Ni nzuri kama kioo. Kama kufuli ni mlango wa pazia: unaingia kwenye mipangilio, unaondoa kikomo, unaendelea. Mpwa wangu alikuwa akifanya hivyo kitandani gizani, bila hata kutazama vizuri. Itumie wiki ya kwanza kujua ugonjwa uko wapi. Yeye alidhani ni TikTok. Takwimu zake zilionyesha WhatsApp inaifuata TikTok kwa karibu sana.

Forest ndiyo ile ya miti. Unapanda mbegu, unaweka dakika, na ukiiacha programu kabla ya muda mti unakauka. Watengenezaji wake wanashirikiana na shirika la Trees for the Future, linalopanda miti ya kweli katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, na sarafu unazochuma ndani yake zinaweza kugeuzwa mche halisi. Kuna watu inawafaa sana, hasa wanaoona uchungu kuharibu kitu kizuri. Kuna wengine, nami ni mmoja wao, ambao baada ya mti wa tatu kukauka huzoea msitu mkavu.

LeechBlock ni kiendelezi cha Firefox, Chrome na Edge, na ndicho ningeanza nacho kama kazi yako iko kwenye kompyuta. Unakiambia: Facebook, YouTube na tovuti za michezo, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana, dakika kumi tu kila saa. Kina jambo moja dogo lenye nguvu kuliko kuzuia kabisa: unaweza kukiambia kikucheleweshe. Unafungua tovuti, inakuhesabia sekunde thelathini kabla ya kufunguka. Utashangaa ni mara ngapi utaifunga kwenye sekunde ya kumi na mbili, kwa sababu hukuwa na shida nayo. Kidole tu kilikuwa kinatembea. Udhaifu wake unaonekana: ukifungua kivinjari kingine kisicho nacho, umetoka. Lakini mipangilio yake inakubali kufungwa kwa nenosiri, na nenosiri si lazima ulijue wewe.

Cold Turkey haicheki na mtu. Ukishafunga kwa saa nne, ni saa nne. Kuzima na kuwasha kompyuta hakusaidii. Toleo la bure linafunga tovuti. La kulipia, ambalo hulipwa mara moja tu, linafunga programu pia na kukupangia ratiba. Ipo hata namna ya kukufungia nje ya kompyuta yote. Niliipenda, mpaka siku nilipojumlisha Gmail kwenye orodha kwa bidii ya asubuhi. Saa moja baadaye mteja akapiga simu anataka faili lake sasa hivi. Faili liko kwenye kompyuta, barua pepe imefungwa mpaka saa nane. Nikalitia kwenye flashi, nikapanda tuktuk hadi saiba ya Kondele, nikalipa, nikalituma. Mpwa wangu aliposikia hayo alicheka hadi machozi: "Mjomba, si ungetumia waya wa simu?" Siku hiyo sikufikiria hivyo. Ukiichukua Cold Turkey, andika orodha yako jioni ukiwa umechoka, usiiandike asubuhi ukiwa shujaa.

Freedom inafunga simu na kompyuta kwa pamoja, nayo hiyo ndiyo fahari yake, maana wengi wetu tukifungwa huku tunahamia kule. Hulipiwa kwa dola. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya M-Pesa GlobalPay iliyoletwa mwaka 2022, lakini kumbuka malipo ya kujirudia: hujarudisha hela za mwezi huu, yanakuja ya mwezi ujao. Kwa mwanafunzi, hapana. Kwa mtu ambaye saa moja ya kazi yake inalipa zaidi ya ada hiyo, apige hesabu mwenyewe.

WhatsApp, ambayo haifungiki

Kila ulinganisho wa makufuli niliousoma umeandikwa na watu ambao ofisi yao haiko WhatsApp. Yetu iko. Mteja anatuma sauti humo. Chama kinatangaza michango humo. Kanisa, wazazi wa darasa la tano, mwenye nyumba, fundi wa maji, wote humo. Na kwetu magharibi kikundi cha matanga hakikosekani. Kujitoa humo ni sawa na kukataa kumzika mtu. Basi usilinganishe namna za kuifunga. Linganisha namna za kuishi nayo.

Kunyamazisha kikundi kunakupa saa nane, wiki moja, au daima. Ni nusu ya dawa: kelele zinaisha lakini kikundi bado kiko juu kabisa ya orodha na nambari yake, kinakungoja. Kukiweka kwenye kumbukumbu (archive) ni bora. Tangu mwaka 2021, kikundi ulichokiweka humo hubaki humo hata ujumbe mpya ukiingia, na hutapata arifa isipokuwa mtu akutaje kwa jina au ajibu ujumbe wako. Niliviweka humo vikundi vyote isipokuwa viwili, kisha nikamwambia mwekahazina wa chama: "Dada, ukinihitaji kweli, nitaje kwa jina." Kwa miezi mingi sasa amenitaja mara tatu.

Mwenye wateja afikirie WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na ni bure. Unaisajili kwa laini ya pili, na inaweza kukaa kwenye simu ileile pamoja na ya kawaida. Faida si zile alama za rangi wala katalogi. Ni ule ujumbe wa kutokuwepo: mteja akiandika usiku anajibiwa kwamba utamrudia saa mbili asubuhi, na wewe hujagusa simu. Kazi ikiwa kwenye laini moja na shangazi zako kwenye nyingine, unaweza kuzima arifa za upande mmoja bila kumkosea adabu mtu wa upande wa pili.

WhatsApp ya kwenye kompyuta ina raha ya kuandikia, kwa sababu ya kibodi. Ifungue, jibu, ifunge. Ukiiacha kwenye kichupo, ile nambari ya ujumbe mpya juu yake itakula jicho lako siku nzima.

Kisha kuna kufuli ambalo halijaandikwa kama kufuli popote. Kampuni za simu huuza bando la WhatsApp peke yake. Nunua hilo tu kwa saa za kazi au za masomo: wateja wanakupata, matanga yanakufikia, na TikTok haifunguki kwa sababu hakuna cha kuifungulia. Ufunguo hapo kaushika mwenye mtandao, nawe ukiutaka utalipa. Tahadhari moja: hakikisha kwanza umezima data ya nje ya bando, la sivyo salio lako la kupigia simu ndilo litakalolipa kiburi chako.

Saa ya mezani na kabambe

Kuna programu nyingi sana za kuhesabu dakika ishirini na tano za kazi na tano za kupumzika. Mtindo huo ulianzishwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ndiyo maana unaitwa Pomodoro, neno la Kiitaliano la nyanya. Kati ya programu hizo sitaki kuchagua. Zote zinakulazimu kushika simu kila baada ya dakika ishirini na tano, na simu ndiyo tunayoikimbia. Tulinunua saa ya kengele Kibuye.

La mwisho tulilolilinganisha si programu. Mpwa wangu alipendekeza anunue simu nyingine yenye makufuli mazuri zaidi. Mimi nikatoa kwenye droo kabambe yangu ya zamani, ile ya vibonye. Laini yake ikahamia humo. Simu za nyumbani zinaingia, M-Pesa inafanya kazi kwa kupiga *334#, na nambari za siri za benki zinakuja kwa SMS kama kawaida. Simu janja ikabaki bila laini. WhatsApp yake haikuathirika, maana ikishasajiliwa inataka intaneti tu, na intaneti anaipata kwenye Wi-Fi ya chuo. Darasani na maktaba anakwenda na kabambe. Ikilinganishwa na zile programu tano za kwenye jedwali, hii ndiyo pekee ambayo betri yake inamaliza wiki, na hakuna atakayekuibia ndani ya matatu. Ubaya wake ni kwamba hawezi kupiga picha ubao, na ramani za njia hana. Siku ya kusafiri anairudisha laini kwenye simu kubwa.

Kwenye laptopu yake tukaweka LibreOffice, Anki na LeechBlock. Nenosiri la LeechBlock nililiandika mimi, yeye akiwa ametazama dirishani. Anajua kwamba anaweza kukiondoa kiendelezi chote akitaka, nami najua. Lakini hilo huchukua hatua kadhaa, na akizipiga atakuwa anajiona.

Jumanne iliyopita, saa nne usiku, SMS yake ikaingia kutoka kwenye kabambe: "Mjomba shikamoo. Nitumie ile password, kuna kitu nataka kuangalia mara moja tu." Nikamjibu, "Marahaba. Kitu gani?"

Mpaka leo hajajibu.